Mtoto Akiamka na Homa: Aende Shule au Abaki Nyumbani?

Leo nataka tuzungumzie uamuzi ambao mzazi hulazimika kuufanya akiwa amesimama, mkono mmoja kwenye chai na mwingine kwenye begi la shule. Mtoto ameamka hajisikii vizuri. Gari halisubiri, kengele ya shule haisubiri, na wewe kazini wanakutegemea. Je, aende shule au abaki nyumbani?

Nitakwambia msimamo wangu mapema ili tusitafutane njiani. Siku ambayo mtoto anauguzwa nyumbani kwa ugonjwa wa kweli ni sehemu ya masomo yake, wala haijaibwa kutoka kwenye masomo hayo. Mtoto anayekaa darasani akitetemeka kwa homa amehesabiwa kuwa yupo, lakini hakuna alichojifunza. Hesabu za kugawanya zimepita, imla imepita, na jioni anarudi nyumbani hali imezidi kuwa mbaya. Ile siku moja uliyotaka kuiokoa inageuka kuwa siku tano kitandani.

Lakini kabla sijaenda mbali, niseme hili kwa heshima. Mzazi anayempeleka shule mtoto mgonjwa mara nyingi si mzembe. Anayeuza maandazi anajua kwamba asipokaanga leo, leo hakuna chakula. Kibarua wa kiwandani analipwa kwa siku aliyofika. Kuna mwenye mtoto wa darasa la nne au la saba, anauogopa mtihani wa taifa kuliko anavyoiogopa malaria. Na kuna anayemwogopa mwalimu, kwa sababu mwaka jana mtoto alikosa siku mbili, akarudi akaitwa mtoro mbele ya wenzake. Sababu hizi ni za kweli. Kwa hiyo sikusudii kumnyooshea mtu kidole. Nakusudia tuwe na kanuni chache zinazoeleweka, ili asubuhi isiwe ya kubahatisha.

Tuanze na kile kidonge cha alfajiri, maana hapo ndipo wengi tunapokwama. Mtoto ameamka saa 12 asubuhi, mwili unachoma. Mzazi anampa parasetamoli. Muda si mrefu jasho linamtoka, macho yanachangamka, anaomba chai na kiazi. Mzazi anashukuru Mungu, mtoto anavaa sare, anaondoka. Sasa tupige hesabu pamoja. Parasetamoli hufanya kazi kwa muda wa saa 4 hadi 6 tu. Aliyemeza saa 12 asubuhi, nguvu ya dawa inaanza kumwishia saa 4 asubuhi, na ikifika saa 6 mchana haipo kabisa. Yaani wenzake wanapotoka kwenda kunywa uji, yeye amelaza kichwa juu ya dawati. Mwalimu mwenye watoto wengi anaweza kudhani amesinzia. Na kama homa ile ni ya malaria, muda wote huo vimelea vilikuwa vinaendelea kuzaliana kwenye damu, kwa sababu parasetamoli hushusha joto tu, haigusi kilichosababisha joto.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza, naomba uishike: mtoto mwenye homa abaki nyumbani, na asirudi shule mpaka apitishe saa 24 bila homa na bila dawa ya kushusha homa. Narudia hapo mwishoni: bila dawa ya kushusha homa. Akiwa amepoa kwa sababu ya kidonge, bado hajapoa.

Na homa ipimwe. Kiganja cha mzazi kina upendo mwingi, lakini hakina namba. Ukitoka kuosha vyombo kwa maji ya baridi, kila paji la uso utaliona la moto. Ukitoka kuchochea mkaa, hata mwenye homa utamwona wa kawaida. Weka kipimajoto kwapani, mtoto abane mkono, usubiri mpaka kimalize kupima. Kikisoma nyuzi 37.5 au zaidi, hiyo ni homa.

Sasa, homa siyo sababu pekee. Yapo maswali matatu ambayo mzazi akijiuliza kwa utulivu, uamuzi unapatikana. La kwanza: mtoto huyu leo ataweza kukaa, kusikiliza na kucheza kama siku nyingine? La pili: alichonacho kinaweza kumpata mwenzake wa dawati? La tatu: anahitaji uangalizi ambao mwalimu hawezi kuutoa? Kiwango kilichowekwa kwa shule zetu za msingi hapa Tanzania ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na wengi tunayajua madarasa yanayopita hapo kwa mbali. Mwalimu huyo hawezi kumpa mmoja maji kila baada ya dakika tano. Basi, akiwa hawezi kusoma, au anaweza kuambukiza kitu kizito kuliko mafua mepesi, au anahitaji kuuguzwa, hata kama ni moja tu kati ya hayo, abaki.

Tuyapitishe magonjwa tunayoyajua kwenye maswali hayo.

Malaria haitoki kwa mtoto kwenda kwa mwenzake kwa kukaa dawati moja. Inabebwa na mbu. Kwa hiyo kwenye swali la pili malaria inapita. Inakwama kwenye la kwanza na la tatu. Mtoto mwenye malaria anaumwa kichwa, anatapika, anahisi baridi juani. Huyu safari yake ya asubuhi ni kituo cha afya, akachomwe kidole kwa ajili ya kipimo cha haraka. Majibu hutoka ndani ya nusu saa. Usimpe dawa ya malaria kwa kukisia, kwa sababu siyo kila homa ni malaria. Inaweza kuwa nimonia, homa ya matumbo au maambukizi ya mkojo. Kipimo kikionesha malaria isiyo kali, atapewa dawa mseto, ile ALu iliyoanza kutumika nchini mwaka 2006. Ni dozi 6 ndani ya siku 3. Ya pili humezwa saa 8 baada ya ile ya kwanza, kisha asubuhi na jioni mpaka ziishe, na inafaa anywe baada ya chakula chenye mafuta kidogo au maziwa. Siku ya pili watoto wengi huanza kuchangamka, na hapo ndipo mzazi hudanganyika, akabakiza vidonge kwa ajili ya "siku nyingine". Vyote ni vya ugonjwa huu wa sasa. Akipita siku nzima bila homa, anakula na anacheza, anaweza kurudi darasani, huku dozi zilizobaki akimezeshwa nyumbani kwa mkono wako mwenyewe.

Surua ni habari nyingine. Huu ni ugonjwa unaosafiri kwa hewa. Mgonjwa akitoka chumbani, virusi vinaweza kubaki hewani hadi saa 2. Na mtoto huambukiza kuanzia siku 4 kabla vipele havijatokeza mpaka siku 4 baada ya kutokeza. Maana yake, unapoona vipele, tayari amekaa na wenzake siku kadhaa akiwa na kile kilichoonekana kuwa mafua, kikohozi na macho mekundu. Hapo mzazi hana lawama. Wajibu wake ni kumpeleka hospitali, kutoa taarifa shuleni haraka, na kumweka nyumbani mpaka siku 4 zipite tangu vipele vianze. Lakini ulinzi wenyewe ulitakiwa kuanza kliniki: chanjo ya kwanza miezi 9, ya pili miezi 18, na tangu 2014 chanjo hiyo nchini kwetu inakinga rubela pia. Fungua kadi ya kliniki, uangalie ile ya miezi 18, kwa maana wengi huisahau. Mtoto ameshatembea, mama amerudi kwenye shughuli zake, kadi imewekwa kabatini.

Tetekuwanga wengi tuliugua tukiwa wadogo, na kwa sababu hiyo tunaidharau. Sheria yake ni rahisi kuikumbuka: abaki nyumbani mpaka kila kipele kiwe kimekauka na kufanya kigaga. Mkague mchana, kwenye mwanga, umvue shati. Tetekuwanga hutoka kwa awamu, kwa hiyo utakuta mgongoni vimeshakauka na tumboni vipya vina maji. Hata kimoja chenye maji kikiwepo, bado. Kwa kawaida huchukua kama wiki moja. Mkate kucha asijikune mpaka akajitia vidonda, na usimpe aspirini, kwa kuwa kwa mtoto mwenye ugonjwa huu inaweza kuleta madhara makubwa kwenye ini na ubongo. Kama unataka kushusha homa, parasetamoli inatosha.

Ukiniuliza kwa nini nasisitiza hivyo kwa ugonjwa ambao watoto wengi hupona wenyewe, nitakujibu kwamba hujui nani amekaa karibu na mwanao. Mwalimu wa darasa anaweza kuwa mjamzito na hajawahi kuugua tetekuwanga. Kwake na kwa mtoto aliye tumboni ni hatari. Mwenzake wa dawati anaweza kuwa anaishi na virusi vya UKIMWI, au anatibiwa saratani, na kinga yake ni ndogo. Wazazi wake hawajatangaza, wala hawana wajibu wa kututangazia. Na nchi yetu ni miongoni mwa zile zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu duniani. Inakadiriwa ni watoto 11,000 kila mwaka. Mtoto wa selimundu akiambukizwa homa ambayo kwa mwanao ni ya siku mbili, yeye anaweza kulazwa kwa maumivu makali. Kumbakisha mtoto wako nyumbani ni kumlinda na huyo pia.

Matubwitubwi, ambayo wengine huita perema, abaki siku 5 tangu mashavu yalipoanza kuvimba.

Mafindofindo, yaani koo kuuma na kuvimba, ni ya kuangaliwa na mtaalamu. Koo nyingi zinazouma ni za virusi na hupona zenyewe. Lakini ikiwa ni zile za bakteria, zisipotibiwa zinaweza baadaye kuharibu vali za moyo wa mtoto, na huo ni ugonjwa unaoendelea kuwatesa vijana wetu wengi. Kwa hiyo koo likiuma pamoja na homa kali, na kikohozi hakipo, mpeleke mtoto akapimwe. Mtoto akipewa antibayotiki, baada ya siku nzima ya dawa na homa ikiwa imeisha anaweza kurudi shule, mradi dozi imalizike. Usiende duka la dawa ukaomba "vidonge vya koo" vinne vya rangi mbili.

Kuhara na kutapika: abaki mpaka zipite saa 48 tangu alipohara au kutapika mara ya mwisho. Fikiria vyoo vya shule zetu, foleni wakati wa mapumziko, na maji ya kunawa ambayo siku nyingine yapo na siku nyingine hayapo. Mtoto mmoja anayehara anatosha kuangusha darasa. Akiwa nyumbani, changanya pakiti moja ya ORS kwenye lita 1 ya maji safi na salama. Usiigawe pakiti nusu nusu, kwa sababu kipimo ndicho dawa. Anayemuuguza ampatie kidogo kidogo, hata kijiko kwa kijiko kama mtoto anatapika, na kilichobaki kikifikisha saa 24 kimwagwe, ichanganywe nyingine. Choo kikiwa kama maji ya mchele na kinatoka mfululizo, hicho kinaweza kuwa kipindupindu. Usikae nyumbani, kimbia hospitali huku ukiendelea kumnywesha.

Macho mekundu mnayakumbuka. Januari 2024, shule zikiwa ndiyo kwanza zimefunguliwa, macho mekundu yalienea Dar es Salaam, nyumba kwa nyumba, daladala kwa daladala. Ugonjwa ule ulikuwa wa virusi, na virusi vya namna hiyo hubebwa zaidi na mikono, taulo na mito ya kulalia. Watu wakahangaika na tangawizi, chai ya rangi na maziwa ya mama, wakiyatia machoni. Tafadhali, tusirudie. Jicho lioshwe kwa maji safi, lionwe na mtaalamu, na mtoto akae nyumbani mpaka machozi na tongotongo vikatike. Kila mtu awe na taulo lake. Mtoto wa darasa la kwanza hawezi kujizuia kufikicha jicho na kisha kumshika mwenzake mkono. Ni sisi wa kumzuia kwa kumbakisha.

Sasa, msikilizaji, upande wa pili una uzito uleule. Wapo watoto wanaobakishwa nyumbani bila sababu, na hao nao tunawadhulumu.

Mafua mepesi, kamasi zinatiririka lakini mtoto hana homa, anakula, anakimbizana na wenzake uani: mpe kitambaa, mfundishe kukohoa kwenye kiwiko, aende shule. Tukiwabakisha kwa kila kamasi, msimu wa baridi wa kule Mbeya na Njombe watoto watakosa muhula mzima. Lakini kikohozi kikifikisha wiki mbili, hata kama anaonekana mzima, apelekwe apimwe kifua kikuu.

Minyoo si sababu ya kukosa shule. Mapunye nayo si sababu, ila yanahitaji tiba ya kweli. Mapunye ya kichwani hayaponi kwa mafuta ya kupaka peke yake, kwa kuwa fangasi amejificha kwenye shina la nywele; hutibiwa kwa vidonge vya wiki kadhaa. Akianza dawa, aende shule, asiazimane kofia, na kinyozi asafishe mashine. Upele unaowasha usiku, paka dawa mwili mzima kuanzia shingoni kwenda chini, familia nzima usiku mmoja, hata ambaye hawashwi. Nguo na mashuka vifuliwe na kuanikwa juani. Asubuhi yake au kesho yake mtoto anaweza kurudi darasani.

Binti aliye kwenye hedhi si mgonjwa. Akibaki nyumbani kila mwezi kwa sababu shule haina maji wala mahali pa kubadilishia taulo, hapo tatizo liko shuleni, na kamati ya shule ina kazi ya kufanya. Akiumwa tumbo kiasi cha kushindwa kusimama, hilo lina matibabu. Asiambiwe avumilie kwa kuwa ndivyo walivyo wanawake.

Na kuna mtoto ambaye tumbo linamuuma kila Jumatatu, na ikifika saa 4 asubuhi amepona. Usimwite mwongo. Tumbo la mtoto mwenye hofu huuma kweli. Mkalishe chini jioni, si asubuhi ya haraka, umuulize taratibu: nani anakusumbua? Somo gani hulielewi? Kuna anayekugusa mahali usipotaka? Unaogopa viboko vya nani? Huyo hahitaji kubaki nyumbani. Anahitaji mzazi afike shuleni.

Tena, akibaki nyumbani, abaki kweli. Nimeona wazazi wanaombea mtoto ruhusa asubuhi, halafu saa 9 alasiri anakwenda tuisheni, au madrasa, au mazoezi ya kwaya. Ugonjwa haujui kwamba hapa ni shule na pale ni tuisheni. Watoto wa kule nao ni watoto.

Sasa nizitaje dalili ambazo si za kujiuliza aende shule au abaki. Hizi ni za kwenda hospitali, hata kama ni usiku, hata kama ni kwa bodaboda ya kukopa. Mtoto hawezi kunywa, au anatapika kila anachomeza. Ameshikwa na degedege. Amelegea, haamki vizuri, au anaongea maneno yasiyoeleweka. Anapumua kwa shida, mbavu zinaingia ndani. Shingo imekakamaa. Mkojo umekuwa mweusi kama koka. Choo kina damu. Na mtoto wa selimundu, homa yoyote ile ni ya kumkimbiza hospitali siku hiyohiyo. Kumbuka mtoto wa shule ya msingi ameshavuka ule umri wa chini ya miaka 5 ambao sera yetu ya afya inamsamehe gharama katika vituo vya umma. Ndiyo maana wazazi husubiri "tuone kesho itakuwaje". Naomba dalili hizi zisisubiri kesho. Bima ya afya ya familia ifikiriwe wakati watoto ni wazima.

Nani atabaki na mgonjwa? Hili linaniuma, na nitalisema wazi. Katika nyumba nyingi jibu ni dada mtu. Mdogo wa darasa la pili anaumwa, basi dada wa darasa la sita anaambiwa leo usiende, mwangalie mwenzio. Kwa hiyo wamekosa shule wawili, mmoja akiwa mzima. Kaka mtu yeye ameshaondoka na begi lake. Baada ya mwaka dada anaonekana hana akili, kumbe alikuwa muuguzi. Na tunamwachia dawa msichana wa miaka 12, asome kipimo, akumbuke saa, aone mdogo wake akizidiwa. Huo mzigo si wake. Bibi akiwepo, tumwombe bibi. Akina mama wa mtaa mmoja wanaweza kukubaliana: leo wa kwako, kesho wa kwangu. Na baba, siku moja ya kukaa na mtoto mgonjwa haikupunguzii kitu. Mtoto ataikumbuka.

Wenye ajira rasmi wajue haki yao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi angalau siku 4 za likizo yenye malipo kwa sababu kama ugonjwa wa mtoto wake. Siku hizo ni chache, kwa sababu ni za mzunguko mzima wa likizo na zinajumuisha pia misiba ya karibu, lakini zipo, na mwajiri anaweza kukubali nyongeza isiyo na malipo. Waajiri wenzangu, mfanyakazi aliyeacha mtoto mwenye homa nyumbani hayupo kazini hata kama ameketi mbele yako. Mpe nusu siku, kesho atakulipa kwa moyo. Nawe mama mwenye dada wa kazi, kumbuka kwamba anayemuuguza mwanao labda ana wa kwake aliyemwacha kijijini. Akiomba ruhusa kwa ajili yake, umsikilize.

Walimu wangu, nanyi nina maombi matatu. La kwanza, mtoto aliyeumwa na mzazi akatoa taarifa aandikwe mgonjwa, asiandikwe mtoro, na asiadhibiwe kwa kukosa jaribio la Ijumaa. Tukimwadhibu aliyesema kweli, kesho mzazi atamtuma na kidonge tumboni. La pili, mtoto akizidiwa darasani asiambiwe aende nyumbani peke yake. Wapo wanaotembea kilomita kadhaa, wanavuka barabara kuu na mito. Apigiwe simu mzazi, mtoto alazwe mahali penye kivuli na maji, asubiri mtu mzima. La tatu, maji ya kunawa. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona na kufunguliwa tena, kila mlango ulikuwa na ndoo ya maji tiririka na sabuni, na vibuyu chirizi vilichomekwa hadi kando ya vyoo. Tulijua kuvitengeneza na vilifanya kazi. Vingapi bado vina maji leo? Sabuni haikuwa ya korona peke yake. Inazuia kuhara, macho mekundu na mafua mwaka mzima.

Nawe mzazi, siku ya kuuguza iwe ya kuuguza. Mtoto alale, anywe maji na uji mara kwa mara, apimwe joto asubuhi, mchana na jioni, na uandike namba zake kwenye karatasi, daktari atakushukuru. Usimrundikie kazi za nyumbani kwa kuwa "leo yupo". Akichangamka jioni, mtume kaka yake aazime daftari kwa mwenzake wa darasa, mgonjwa anakili masomo ya siku hiyo. Na ukimpigia mwalimu, sema ugonjwa wenyewe. Usiseme "ana udhuru". Ukisema ni tetekuwanga, mwalimu ataangalia wengine mapema, na pengine utamwokoa mtoto wa jirani.

Kabla sijakuaga, nakuachia kazi za kufanya jioni hii, wakati nyumba imetulia na hakuna anayeumwa. Kubalianeni wewe na mwenzako, au wewe na jirani, nani atabaki na mtoto siku akiugua. Hakikisha una namba ya simu ya mwalimu wa darasa, naye ana yako. Weka ndani kipimajoto na pakiti mbili za ORS. Fungua kadi ya kliniki uone kama chanjo zimekamilika. Na wafundishe watoto kukwambia mapema, hata usiku wa manane, kwamba hawajisikii vizuri, bila kuogopa kugombezwa. Ukiyafanya hayo leo, siku ugonjwa utakapobisha hodi hutakuwa na la kubahatisha.

Wenye wagonjwa, Mungu awape nafuu.